Semina Iliyonyamaza

Treni ya kutoka Dar es Salaam ilichelewa saa tatu, na Mwanahawa, badala ya kununa kama watu wengine pale stesheni ya Tabora, alishukuru. Saa tatu zile ndizo zilizompa nafasi ya kurudi mbio mpaka shule ya misheni kugombea magodoro. Alikuwa ameahidiwa magodoro kumi na nane kwa wageni kumi na nane. Alipofungua bweni asubuhi ile alikuta kumi na moja, na katika mawili kati ya hayo panya walikuwa wamezalia. Treni ilipopiga honi upande wa mashariki, lori lilikuwa limekwisha kushusha magodoro mengine ya kuazima kutoka zahanati, naye amesimama jukwaani na orodha mkononi, kanga imekaa vizuri kichwani, utadhani hajabanduka pale tangu alfajiri.

"Ndugu Mwanahawa?" aliuliza mwanamume mrefu mwenye miwani, mkoba wa ngozi kwapani.

"Ndiye mimi. Karibuni Tabora, Dokta. Poleni na safari."

"Nilidhani tutapokewa na Bwana Twalibu."

"Ameitwa Nzega, Dokta. Kazi za vijiji vya ujamaa. Semina ameniachia mimi."

Dokta Eustace, mwalimu wa historia kutoka Chuo Kikuu na mwenyekiti wa semina yenyewe, akamtazama. Macho yake yakatua begani mwa Mwanahawa, palipokuwa na doa bichi la maziwa ya mtoto. Aliinua sanduku lake akalielekea lori, na Mwanahawa akajua kwamba mtu huyu amekwisha kuanza kumpima.

Kupimwa kwenyewe ndiko kulikokuwa kunamnyima usingizi. Ulikuwa mwezi Juni, mwaka 1970, na Mwanahawa alikuwa karani wa muda katika ofisi ya utamaduni. Miezi yake ya majaribio ilikuwa inaisha pamoja na semina ile. Bwana Twalibu, afisa wake, alimwambia wazi kabla hajapanda gari la Nzega: "Mama Tatu, mimi sitakuwapo, kwa hiyo sitaweza kukusifu wala kukuponda. Nitasoma ripoti ya mwenyekiti. Akiandika kwamba mambo yalikwenda, nakuthibitisha kazini siku hiyohiyo. Akiandika vingine, mikono yangu imefungwa."

Asipothibitishwa, hana la kukaa Tabora. Mume wake, Yahaya, alikuwa mfanyakazi wa reli kule Tura, na chumba cha reli kilikuwa kinawangoja yeye na mtoto wao, Tatu. Mwanahawa alimpenda Yahaya, hilo halikuwa na mjadala. Lakini Tura kulikuwa na stesheni, tangi la maji na mbuzi. Masomo ya jioni hakukuwa nayo. Yeye alianza masomo hayo akiwa mwari aliyetolewa shule darasa la nne, akaendelea nayo akiwa na mimba, akaenda nayo mpaka mtoto akazaliwa, na sasa alikuwa kidato cha pili. Kila Jumatatu na Alhamisi alikaa kwenye dawati lililochongwa kwa watoto, magoti yamegonga ubao, akajifunza hesabu za herufi na ramani za dunia. Yahaya mwenyewe alimwandikia barua: "Usije kwanza. Maliza. Mimi nimeomba uhamisho wa kuja Tabora, mwakani huenda wakanipa." Mwakani. Ilikuwa lazima afike mwakani akiwa Tabora, na daraja lilikuwa semina hii ya siku saba.

Jambo la semina lilikuwa wazi, hata mtoto angelielewa. Wasomi walitaka kusikia habari za wapagazi, watu waliobeba mizigo kwa miguu kati ya Tabora na pwani kabla reli haijafika. Wachache walikuwa bado hai, wazee wa miaka themanini hivi, na kila mwaka wakipungua. Mwanahawa ndiye aliyewatafuta. Alipanda treni ya Mwanza akashuka Bukene, akampata Mzee Kornel, Mkatoliki mkavu kama ukuni, anayetembea bila mkongojo. Mjini Tabora kwenyewe akampata Mzee Mabruki, fundi wa kushona kofia, mwenye sauti ya kuita watu mtaa wa pili. Akapata na wengine watatu. Wote Wanyamwezi, wote wakakubali kuja kulala bwenini wiki nzima, wapewe chai, ugali na blanketi, nao waeleze waliyoyaona. Asubuhi wazee wangesimulia mbele ya mashine ya kunasa sauti. Mchana wasomi wangesomeana karatasi zao na kubishana.

Alipanga yote. Alipiga chapa ratiba, akazungusha mashine ya kurudufu mpaka mkono ukavimba. Alihesabu sahani za bati, akaomba vyandarua, akamwambia mpishi asitie pilipili kwa sababu hajui matumbo ya watu wa Chuo Kikuu. Na Jumamosi, siku moja kabla ya treni, alifanya jambo moja la mwisho ambalo aliliona ni la busara kuliko yote.

Alikwenda kwa Bibi Mwanamkuu.

Bibi Mwanamkuu alikuwa jirani yake ukuta kwa ukuta, mjane wa Kizaramo aliyeletwa Tabora na mume wa reli zamani za Waingereza, akazeekea hapo. Ndiye aliyekuwa anamlea Tatu, yule mtoto wa miezi minane, mama yake akiwa kazini. Na ndiye aliyeteuliwa kupika vitumbua vya chai ya semina. Tatizo lilikuwa mdomo. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi hizohizo za misafara, na Bibi hakuwa mtu wa kuuchezea urithi. Akimwona Mnyamwezi sokoni anamnyang'anya kofia mchana kweupe. Akiingia msibani kwa Wanyamwezi analala kwenye kitanda cha marehemu na kudai chai. Mzee Mabruki hakuwahi kupita mbele ya mlango wake bila wawili hao kutukanana mpaka watoto waache mpira waje kusikiliza.

"Bibi," Mwanahawa alimwambia, amechuchumaa karibu na jiko lake, "nina ombi. Wageni hawa ni wasomi. Wengine wametoka Bukoba, wengine Kilimanjaro, hawajui mambo yetu. Wakisikia unamwita Mzee Mabruki mtumwa wako, watasema Tabora hakuna adabu. Wiki hii moja tu, Bibi. Usije na utani."

Bibi aligeuza kitumbua, akakigeuza tena ingawa kilikuwa kimeiva.

"Nisije na utani," alisema.

"Wiki moja tu."

"Haya, mwanangu. Vitumbua utavikuta vimefunikwa. Na mtoto nitakuletea saa nne kila siku anyonye, napitia mlango wa nyuma, jikoni. Hutanisikia."

Mwanahawa alimshukuru, akaenda zake ameridhika. Alikuwa amefagia hata pale ambapo wengine wasingeona uchafu.

Jumatatu semina ilifunguliwa. Wazee walikalishwa kwenye viti vya mkono vilivyotolewa nyumba ya mapadre, mbele yao meza yenye kitambaa cheupe, juu yake mashine na magurudumu yake mawili ya utepe. Wasomi kumi na nane walikaa wakiwatazama, kalamu zimenyooka. Dokta Eustace alikuwa na orodha ya maswali arobaini na mawili.

"Mzee Kornel, shikamoo."

"Marahaba."

"Tueleze, ulikuwa na umri gani ulipoanza kazi ya upagazi?"

"Nilikuwa mdogo."

"Mdogo wa miaka mingapi?"

"Hatukuhesabu."

"Mzigo wako ulikuwa na uzito gani?"

Mzee Kornel alifikiri kidogo. "Mzito," alisema.

"Na mlipita njia gani?"

"Ya watu."

Magurudumu ya mashine yalizunguka. Dokta alihamia kwa Mzee Mabruki, yule mwenye sauti ya kuita mtaa wa pili, na Mzee Mabruki akajibu kwa sauti ya mtu aliyeitwa kituo cha polisi. Ndiyo. Hapana. Zamani hizo. Sikumbuki vizuri, mwanangu. Wale wengine watatu waliitikia kwa vichwa. Mwanahawa, amekaa nyuma kabisa na daftari la kumbukumbu za kikao, aliandika nusu ukurasa, akangoja, akaandika tarehe upya kwa hati nzuri zaidi.

"Wana haya, siku ya kwanza," alimwambia Dokta wakati wa chai.

"Huenda," alisema Dokta.

Jumanne ilikuwa vilevile. Mwanahawa alibadilisha viti akaweka mikeka, kwa sababu labda viti viliwatisha. Wakakaa mikekani, wakanyamaza wakiwa mikekani. Akawaletea asali na karanga za kukaanga. Wakala, wakashukuru. Msomi mmoja kijana alimnong'oneza mwenzake kwamba labda hawa si wapagazi, ni wazee tu waliookotwa ili idadi itimie. Mwanahawa alilisikia, likamchoma hadi kwenye kisigino. Alikumbuka jinsi Mzee Kornel alivyomsimulia kule Bukene, barazani kwake, jirani yake fulani Mzigua akimkatiza kila sentensi na kumwita muongo. Mchana mzima! Maneno yalimtoka mzee kama mtama kwenye gunia lililotoboka. Sasa yamekwenda wapi?

Jumatano ndiyo iliyomfumbua macho.

Lori la kuni lilikuja asubuhi likaziba mlango wa nyuma. Bibi Mwanamkuu, Tatu mgongoni, ilimbidi apitie mbele, barazani, ambapo wazee walikuwa wanaota jua la asubuhi kabla ya kikao. Upepo wa kipupwe ulikuwa mkali, nao wamejifunika blanketi. Mwanahawa alikuwa dirishani anapanga karatasi, akamwona Mzee Mabruki akimwona Bibi. Uso wa mzee ukafunguka.

"Ohoo!" alipiga kelele, na ile sauti yake yote ikarudi. "Nani amemfungulia huyu? Mfungeni kamba, atatumalizia sukari! Mzaramo ameingia chuoni, leo vitabu vitageuka vitumbua!"

Wazee wenzake wakaanza kucheka hata kabla hawajasikia jibu, kama watu wanaofungua kinywa kabla tonge halijafika.

Bibi Mwanamkuu alisimama. Alimtazama Mzee Mabruki. Midomo yake ikatetemeka kidogo, kisha akaikaza.

"Shikamooni, wazee wangu," alisema kwa adabu, akapita.

Kicheko kikafa. Kilikufa kabisa, kama redio iliyozimwa.

"Ametuamkia," alisema Mzee Kornel.

"Nimesikia," alijibu Mzee Mabruki.

"Mtani anakuamkia? Mimi miaka themanini sijaamkiwa na Mzaramo."

"Kuna neno," alisema Mzee Mabruki, na sasa hakuwa anacheka hata kidogo. "Mnaona? Niliwaambia tangu Jumatatu. Semina ya habari za njia ya pwani, mji mzima huu una watani wetu, Wazaramo, Wagogo, Waluguru, na hakuna hata mmoja aliyekuja kutukatiza. Nikasema, mbona tumewekwa peke yetu kama watu wenye ndui? Sasa yule ametuamkia. Shemeji yake alikufa mfungo uliopita, mimi sikwenda kuzika, nilikuwa naumwa mguu. Amekata utani. Nimekosa, na nimekosa mbele ya watu."

"Basi hapa si mahali pa kukaa," alisema Mzee Kornel. "Nasimulia safari, nani atanibishia? Nikisema nilibeba pembe peke yangu kutoka hapa hadi baharini, nani atasema naongopa? Mtu anayejisifu peke yake mbele ya wenye kalamu si mpagazi, huyo ni mwehu. Mimi narudi Bukene."

Mwanahawa alisimama pale dirishani, karatasi zimemkaa mkononi. Kumbe. Alidhani anafagia uchafu, kumbe amefagia moto jikoni.

Alimnyonyesha Tatu kwenye benchi la jikoni, na mtoto akashangaa kwa nini maziwa hayashuki. Bibi alikaa pembeni yake anatazama kuni zikishushwa.

Mchana huohuo Dokta Eustace alimwita kwenye chumba kidogo cha ofisi. Hakuwa mkali, angekuwa mkali ingekuwa rahisi.

"Ndugu Mwanahawa, Mzee Kornel ameomba lori limpeleke stesheni. Wenzake nao wanataka kwenda kwao. Nimewabembeleza walale leo. Kesho nitajaribu mara moja tena. Ikifika saa sita mchana bila kitu, napiga simu ya upepo Chuo Kikuu kwamba tunafunga, na tunaondoka na treni ya Ijumaa. Na itanilazimu kuandika sababu." Alivua miwani akaifuta. "Umejitahidi. Chakula ni kizuri, magodoro ni mazuri. Lakini hatukuja kulala."

"Nimeelewa, Dokta."

Alitoka, akatembea moja kwa moja mpaka kwa Bibi Mwanamkuu, bila hata kuvua kadi ya semina kifuani. Jua lilikuwa bado juu. Bibi alikuwa anapepeta mchele wa vitumbua vya kesho, na Tatu amelala kwenye kanga.

"Bibi, nimekosa. Kesho njoo na utani. Njoo nao wote."

"Aa." Bibi aliendelea kupepeta. "Uliniambia niufunge, nimeufunga. Leo nimeuma ulimi wangu, unajua? Yule Mabruki ameniita mtu wa kufungwa kamba, na mimi nikamwamkia! Nimefika nyumbani nimelia. Mume wangu kafa, ndugu zangu wako Kisarawe, hapa Tabora nani ananijua mimi ni nani kama si hao watani zangu? Wewe umenifanya mgeni."

Mwanahawa alipiga magoti. "Nisamehe, Bibi."

"Na wao wanadhani nimekata utani."

"Wanadhani. Mzee Mabruki anasema ni kwa sababu ya msiba wa shemeji yako."

"Mjinga yule! Mguu wake nilimkanda mwenyewe!" Bibi aliweka ungo chini. Kwa mara ya kwanza macho yake yakawa na kitu cha kucheka ndani, lakini akakirudisha. "Sikiliza, mwanangu. Nitakuja. Lakini sitabeba lawama yako. Nikiingia tu na kuanza kutukana, watasema nina wazimu, jana shikamoo leo matusi. Kwanza wewe ukasimame mbele yao, useme ni nani aliyenifunga mdomo. Mbele ya huyo Dokta wako. Halafu wao ndio watakaosema faini yako."

"Mbele ya Dokta?"

"Mbele ya Dokta. Na mbele ya hiyo mashine inayozunguka."

Mwanahawa aliwaza ripoti. Mtu anayeandika ripoti, na yeye mwenyewe anakwenda kumwambia: kosa ni langu, hili hapa, liandike. Aliiona Tura, tangi la maji, mbuzi wakilala kivulini mwa stesheni. Aliona dawati dogo la darasani na mtu mwingine amekalia.

"Haya," alisema.

Alhamisi asubuhi, kabla Dokta hajafungua orodha yake, Mwanahawa alisimama. Alishika ukingo wa meza.

"Ndugu Mwenyekiti, naomba dakika moja. Wazee wangu, shikamooni. Bibi Mwanamkuu hajakata utani. Mimi ndiye niliyemkataza. Nilimwomba asifanye utani wiki hii kwa sababu niliwaonea aibu wageni. Niliona watatudharau. Kwa hiyo niliwaweka peke yenu bila mtani, mkanyamaza, na nyinyi hamna kosa, na yeye hana kosa. Kosa ni langu."

Wasomi walitazamana. Wazee hawakusogea.

"Wewe?" alisema Mzee Mabruki polepole. "Mtoto wa Tabora, umezaliwa mtaa wa nyuma ya soko, baba yako namjua. Wewe umemkataza Mzaramo asinitukane?"

"Ndiyo, Mzee."

"Yuko wapi huyo mtumwa wangu?"

"Mtumwa wako nani, wewe mpiga kelele?" Sauti ilitoka mlangoni. Bibi Mwanamkuu aliingia, Tatu mgongoni, beseni la vitumbua kichwani, akapita katikati ya wasomi kana kwamba ni miche ya mihogo. Akaliweka beseni juu ya kitambaa cheupe, akavuta kofia kwenye kichwa cha Mzee Mabruki, akaivaa mwenyewe. "Nimekaa siku nne nimekaza mdomo kwa ajili yenu mpaka meno yameota kutu! Babu yako alifika pwani akaiona bahari akauliza, 'Nani amemwaga maji yote haya, na atayaanika lini?' Na wewe umekuja kuwadanganya watu wa Chuo Kikuu!"

Chumba kililipuka kwa kicheko. Mzee Mabruki alicheka mpaka akashika mbavu, machozi yanamtoka, na Mwanahawa hakujua kama yote yalikuwa ya kicheko.

"Mama huyu..." alianza Dokta, uso umebadilika. "Amewatukana. Ndugu Mwanahawa, hii ni..."

"Ni watani, Dokta. Usizime mashine. Nakuomba, usizime."

Dokta, mtu wa Bukoba, alitazama mashine, akatazama wazee wanaopigana mabega kwa furaha. Akarudisha mkono.

"Faini kwanza!" alisema Mzee Kornel, amesimama. "Huyu binti ametunyima mtani siku nne. Abebe mzigo! Azunguke bweni kama mpagazi, tuone."

"Abebe! Abebe!"

Wakampa sanduku la mbao lililokuja na ile mashine, limejaa tepu. Bibi akamfunga na Tatu mgongoni, akasema mpagazi wa kike alibeba vyote viwili, asidhani atasamehewa. Mwanahawa akaliinua sanduku akajitwika kichwani, akapiga hatua ya kwanza.

"Siyo hivyo!" Mzee Kornel alipiga kelele kama aliyechomwa. "Kichwani ni watu wa pwani! Mnyamwezi anabeba begani! Ukibeba kichwani shingo inaisha kabla hujafika Tura, na Tura ni karibu tu, bado hujaliona pori. Leta hapa." Akamtua mzigo, akauweka kwenye bega lake mwenyewe la miaka themanini. "Hivi. Hili bega likichoka, unahamishia hili, bila kusimama. Kirangozi, yule anayetangulia mbele, akipiga ngoma ndipo mnatua. Mimi nilibeba pembe ya ndovu hivi mpaka baharini, peke yangu, ratili tisini."

"Muongo!" alisema Bibi Mwanamkuu. "Mama yangu alikuwa anauza maji njiani kwetu, aliwaona wote mkipita. Safari yako ya kwanza ulibeba chungu cha kupikia cha kirangozi, na ulikuwa unalia unamtaka mama yako!"

"Mama yako alikuwa anauza maji ya chura kwa bei ya chumvi!"

"Ulilia au hukulia?"

Mzee Kornel alisita. Magurudumu ya mashine yalizunguka. Chumba kizima kilimsubiri.

"Nililia," alisema. "Ni kweli, ya kwanza ilikuwa chungu. Nilikuwa mtoto hivi, sijaota ndevu. Tulipofika lile pori baada ya Tura maji yaliisha siku ya pili, na kaka yangu..." Akakaa mkekani, sanduku mapajani, na maneno yakaanza kutoka.

Hayakukoma mpaka saa nane mchana. Kila alipojipandisha, Bibi alimshusha. Kila aliposahau, Mzee Mabruki alimzomea akakumbuka kwa hasira. Wale wazee watatu waliokuwa wanaitikia kwa vichwa walikumbuka nyimbo, wakaimba, wakagombana kuhusu ubeti wa tatu. Saa sita ilipita, hakuna aliyeiona. Mwanahawa alizunguka bweni mzigo begani, Tatu akicheka mgongoni kwa kurushwarushwa, akarudi, akakaa na daftari, akaandika mpaka kidole kikafanya shimo. Alipoinua macho alimwona Dokta Eustace ameiweka kando ile orodha ya maswali arobaini na mawili, amekaa mkekani, anakula kitumbua kwa mkono wa kushoto na kuandika kwa mkono wa kulia.

Jumamosi walifunga. Tepu zilijaa, ikabidi Dokta arekodi juu ya hotuba yake mwenyewe ya ufunguzi. Wazee waligawiwa mablanketi waende nayo, na Bibi Mwanamkuu alilichukua la Mzee Mabruki akadai ni kodi ya njia. Mzee Mabruki akaenda kulichukua kwake jioni, akanywa na chai.

Jumapili, stesheni, wageni wakipakia masanduku, Dokta Eustace alimwita Mwanahawa pembeni. Alikuwa na bahasha.

"Hii ni nakala ya ripoti. Ya kwake Bwana Twalibu nimeituma kwa dereva wa Nzega. Nimeona ni haki nawe uisome."

Mwanahawa aliifungua palepale, injini inapumua nyuma yao. Alisoma kwa kidole. Kosa lake lilikuwamo, limeandikwa bila kupambwa: mwandalizi aliwatenga wasimulizi na watani wao, siku tatu zikapotea. Akaendelea. Ndiye aliyeligundua kosa hilo, Dokta aliandika, wala si sisi wenye shahada. Akalikiri mbele ya wote, na kwa kulisahihisha ametufundisha kwamba simulizi za njia hii hazikusanywi bila mbishi kuwapo. Ninapendekeza athibitishwe kazini mara moja. Ninapendekeza pia semina ya mwakani aiandae yeye.

"Mwakani, Dokta?"

"Kama utakuwapo."

"Nitakuwapo," alisema Mwanahawa, akacheka.

Bendera ikapepewa, treni ikajivuta kuelekea mashariki. Alirudi nyumbani kwa miguu, polepole, kwa mara ya kwanza wiki nzima hana kitu mkononi zaidi ya bahasha. Bibi Mwanamkuu alikuwa uani anamwogesha Tatu kwenye karai. Alimwona usoni, hakuuliza.

"Lala," alisema Bibi.

"Ni mchana, Bibi. Na kuna sahani za misheni za kurudisha."

"Sahani hazina miguu. Lala."

Akajilaza mkekani barazani, kadi ya semina bado kifuani. Alitaka kwanza amwandikie Yahaya. Alikwisha kupata na sentensi ya mwanzo. Mtu alibisha hodi, akamsikia Bibi akisema kwa sauti ya chini, ya adabu kabisa, kwamba karani amelala, aje kesho. Tatu alipiga maji kwa viganja. Mwanahawa alisikia matone yakianguka ardhini, kisha hakusikia kitu.